Mizani ya Kupima Mafuta, Baada ya Miezi Sita ya Baiskeli

Nimeitumia mizani hii ya kidijitali, inayodai kupima uzito pamoja na asilimia ya mafuta mwilini, kwa miezi sita ya mazoezi ya baiskeli, na kwa upande wa uzito sina lalamiko: nikipanda mara tatu mfululizo husoma namba ileile. Tatizo liko kwenye mafuta. Mizani hupitisha umeme hafifu kutoka wayo mmoja hadi mwingine, kisha hukisia mafuta kutokana na jinsi umeme huo unavyozuiwa. Na kwa kuwa maji ndiyo yanayoupitisha, kiu tu, au nyayo zenye unyevu, hutosha kubadilisha jibu. Jumapili moja nilirudi baada ya saa nne za jua kali nikiwa nimepungua kilo 1.8, chumvi ya jasho imeganda kwenye kamba za helmeti, na programu yake ya simu ikaniwashia alama ya kijani na kunipongeza. Jioni, nilipokwisha kunywa na kula, uzito ukarudi na alama ikawa nyekundu, kana kwamba nimekosea.

Ningelicheka, lakini mchezo wenyewe una historia yake. Mlimani kinachohesabiwa ni wati kwa kila kilo: anayetoa wati 400 akiwa na kilo 65 ana takriban 6.15, na akishuka hadi kilo 63 bila kupoteza nguvu anafika 6.35. Hapo kwenye "bila kupoteza nguvu" ndipo dawa zilipopata mlango, maana mwili unaokondeshwa kwa njaa hula misuli yake. Klenbuteroli, dawa ya pumu inayosifiwa kwa kupunguza mafuta, ndiyo iliyosababisha mwendesha baiskeli Alberto Contador avuliwe mwaka 2012 ushindi wa mbio za Tour de France za 2010, ingawa kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo mno na mwenyewe alidai kilitoka kwenye nyama. Sindano zote za kotikosteroidi, dawa za kupunguza uvimbe, zilikatazwa wakati wa mashindano kuanzia Januari 2022. Semaglutaidi, dawa ya kisukari inayopunguza uzito pia, WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliiingiza mwaka 2024 katika zinazofuatiliwa tu, bila kuikataza.

Ndiyo maana duka lililomo ndani ya programu liliniudhi kuliko yote: kila uzito ukipanda, hutokea tangazo la vidonge vya "kuchoma mafuta" visivyoonyesha viambato vyote. Kwa mwenye leseni ya mashindano hiyo ni hatari, kwa kuwa kanuni za WADA humwajibisha mwanamichezo kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, awe alikusudia au la. Niliwaandikia huduma kwa wateja. Wakanijibu kwa kunishukuru kwa uaminifu wangu.

Programu nimeifuta, mizani nimebaki nayo. Napanda mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula na baada ya kwenda haja, na namba ya mafuta siitazami.