Bima ya muda mfupi Uingereza: nilivyolifikisha gari la dada yangu bandari ya Southampton

Ukinunua gari Uingereza la kupeleka nyumbani, bima ya muda mfupi inatosha kabisa kulifikisha bandarini kwa magurudumu yake, kihalali na bila presha. Nimeitumia na nimeridhika. Naandika kwa kirefu kwa sababu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp swali hili linaulizwa kila kukicha, na baadhi ya majibu wanayopewa watu yanaweza kuwaponza vibaya.

Gari ni RAV4 ya dada yangu aliyeko Mbezi, Dar es Salaam. Nililipata kwa mzee mmoja mstaafu wa Wolverhampton, limetunzwa, vitabu vya sevisi vyote vipo. Kasoro ni kwamba mzee alishasitisha bima yake na alikuwa haliendeshi tena. Hata angekuwa nayo isingenisaidia. Kwetu Tanzania tumezoea kwamba gari likiwa na bima hai, ukipewa ufunguo na mwenye gari na leseni unayo, unaondoka. Huku bima inamtaja dereva na gari kwa pamoja. Jina lako halimo, basi kisheria huna bima, hata gari lenyewe liwe na bima kubwa ya mwaka mzima.

Wengi hapa ndipo wanaposema, "Mimi bima yangu inaniruhusu kuendesha magari mengine." Tafadhali isome tena. Yangu ninayo, na kipengele hicho kipo, lakini ni bima ndogo tu, yaani inamlipa unayemgonga na siyo gari unaloendesha. Zaidi ya hapo, kinahusu gari ambalo si lako. Siku ile ile unayomlipa muuzaji na kusaini, gari ni lako, na kipengele kimeishia hapo. Kampuni nyingine zinataka pia hilo gari la pili liwe na bima yake yenyewe. Na siku hizi wengine wameshakiondoa kabisa kwenye mikataba yao.

Na namba za muda? Ujerumani wanazo, za siku 5, mtu binafsi anapewa akionyesha uthibitisho wa bima na ukaguzi ulio hai. Uingereza hazipo kwa mtu wa kawaida. Zile nyekundu na nyeupe ni za wafanyabiashara wa magari. Kwa hiyo kibali chako cha kutembea barabarani ni vitu vitatu kwa wakati mmoja: bima, ukaguzi wa MOT (ule wa kila mwaka wa usalama wa gari) ambao haujaisha, na kodi ya gari iliyolipwa.

Bima nilinunua kwenye simu, nikiwa nimekaa jikoni kwa mzee huku mkewe ananiwekea chai. Zinauzwa kuanzia saa 1 hadi siku 28. Unaandika namba ya gari, mfumo wenyewe unaleta aina na mwaka. Unaweka namba ya leseni, anwani, kazi yako, thamani ya gari na kama umewahi kupata ajali au adhabu. Msimbo wa posta wa unapoishi unabadilisha bei sana, na umri pia. Kwangu siku moja ilikuwa pauni ishirini na kitu, lakini kadiri nilivyoongeza siku, bei ya kila siku ilishuka kwa kasi. Nikachukua wiki mbili. Nilijua kadi mpya ya gari itachukua siku kadhaa kufika kwa posta, halafu kuna nafasi ya meli. Na kuna sheria ambayo ndugu zetu wengi hawaijui: tangu 2011, gari lililosajiliwa kwa jina lako lazima liwe na bima muda wote hata kama limepaki tu, isipokuwa umewaarifu DVLA, yaani mamlaka ya usajili wa magari na leseni, kwamba haliko barabarani. Ukinunua bima ya siku moja halafu ukaliacha nje ya nyumba wiki nzima, unaweza kuletewa barua ya faini.

Swali moja nawaomba mlisome taratibu: gari hili linasafirishwa nje ya nchi? Kampuni ya kwanza niliyoijaribu haikuliuliza popote, ila kwenye masharti, chini kabisa, waliandika kwamba hawalipi fidia kwa gari linalopelekwa nje. Yaani wangechukua hela yangu vizuri tu, na ningeendesha maili zote zile nikidhani nimekingwa. Hili lilinikera sana. Nikahamia kampuni ya pili, nikawapigia simu kabla ya kulipa, nikawaeleza wazi kwamba gari linaenda Southampton kupanda meli. Dada wa huduma kwa wateja akasema wanakubali mradi uendeshaji wote uwe ndani ya Uingereza. Nikamwomba aniandikie kwa barua pepe, akaniandikia. Ile barua pepe kwangu ilikuwa na uzito sawa na cheti.

Angalieni pia muda wa kuanza. Bima inahesabu dakika, kwa hiyo niliweka ianze baadaye kidogo, nikamaliza kwanza kulikagua gari na kulipa. Na bima za namna hii, za chini ya mwezi, hazina zile siku za kubadili mawazo na kurudishiwa hela. Sehemu ya gharama unayobeba mwenyewe ukipata ajali nayo ni kubwa kuliko kwenye bima ya mwaka. Yangu ilikuwa mamia ya pauni.

Kodi ya gari haihami na gari tangu Oktoba 2014, hivyo ya mzee ilikufa pale pale alipouza. Mzee alichana kile kipande cha kijani cha mmiliki mpya kwenye kadi ya gari akanipa. Kina namba ya tarakimu 12. Ukiiingiza kwenye tovuti ya DVLA unalipa hapo hapo. Mimi nilichagua kulipa kidogo kidogo kwa mwezi. MOT ilikuwa bado hai. Ingekuwa imekufa, ruhusa ingekuwa moja tu, kuliendesha moja kwa moja hadi kwenye kituo nilichoweka miadi ya ukaguzi, na bima bado ingehitajika. Wanaodhani kwamba ukienda kukaguliwa unasamehewa bima, hapana.

Nikiwa narudi nyumbani Coventry jioni ile, polisi wakanisimamisha. Kamera zao zinasoma namba ya gari na kulinganisha na orodha ya magari yenye bima, na bima ya muda mfupi inaweza kuchelewa kuingia kwenye orodha hiyo. Askari alikuwa mpole. Nikampa simu, akasoma cheti, akalinganisha namba ya gari herufi kwa herufi, akaangalia saa ya kuanza, kisha akapiga simu kuhakiki. Tukaachana salama. Pakua cheti kikae kwenye simu yenyewe, usitegemee intaneti ya barabarani.

Kukamatwa bila bima ni pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na gari linaweza kuvutwa palepale. Sisi tunaotoka Tanzania na Kenya tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Leseni zetu hazibadilishwi huku. Baada ya miezi 12 ya kuishi hapa lazima ufanye mtihani wao. Ukifaulu, kwa miaka miwili ya mwanzo unahesabiwa dereva mpya, na dereva mpya akifikisha pointi 6 leseni inafutwa, anarudi kuanza na ile ya mwanafunzi. Kosa moja tu la bima linakufikisha hapo. Nina rafiki anayeendesha gari la kusambaza mizigo, leseni ndiyo ugali wa watoto wake. Sitaki hata kufikiria.

Ndiyo maana madalali hewa wananiumiza roho. Wapo kwenye magrupu yetu, wengine wanaongea Kiswahili chetu kabisa, wanakuuzia "bima ya bei chee" kwa kutumiwa hela kwenye akaunti binafsi. Wanachofanya ni kuchukua cheti halisi na kubadilisha maandishi, au kununua bima kwa taarifa za uongo kisha kuifuta wakishapokea hela yako. Cheti kinapendeza, na bima haipo. Polisi wa Jiji la London wana kitengo maalumu cha ulaghai wa bima tangu 2012, lakini ukikamatwa barabarani adhabu ni yako. Jina la kampuni au wakala litafute kwanza kwenye daftari la FCA, msimamizi wa huduma za fedha Uingereza, ni bure. Halimo, usilipe hata senti.

Safari ya Southampton ilikwenda vizuri: barabara za M40 na A34, hadi getini. Kwa roro, yaani meli ambayo gari linaingizwa kwa kuendeshwa, wanataka tanki lisizidi robo na ndani ya gari kusiwe na mizigo, kwa hiyo zile nguo za watoto za dada nilizituma kwa njia nyingine. Ile sehemu ya kadi ya gari ya kulisafirisha gari nje kwa kudumu niliituma DVLA, iliyobaki ikaenda na gari. Kodi ya miezi mizima iliyokuwa imebaki hawakuendelea kuikata.

Kampuni niliyoitumia naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu jibu la kusafirisha gari nje nililipata kwa kupiga simu tu. Lilipaswa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Kwa gari lililokwisha kukamatwa na kufungiwa yadi ya polisi, bima hizi kwa kawaida hazifai. Kuna bima maalumu ya kulitoa, na ni ghali zaidi. Kwa mgeni ambaye bado anatumia leseni ya nyumbani, zipo kampuni zinazompokea ila bei inapanda. Akiona imezidi, amtafute ndugu mwenye leseni ya huku aliendeshe yeye, na bima iandikwe kwa jina la huyo ndugu.