Seti ya treni ndogo ya HO: nimejengea Mwanza Kusini juu ya meza

Kama unanunua seti ya treni ndogo ili tu uone kichwa kikizunguka, utaichoka mapema. Yangu ni ya HO, yaani kipimo cha 1:87: kichwa kimoja cha dizeli, mabehewa machache ya mizigo, reli za kuunganisha na kidude cha kuongozea mwendo. Naisifia kwa moyo wote, ila si kwa yale yaliyoandikwa kwenye boksi. Naisifia kwa hadithi inazozibeba.

Kwanza umeme, maana hapo watu wanaumia. Seti nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja na adapta ya volti 120. Soketi zetu ni volti 230, kwa hiyo ukiichomeka hivyo hivyo umeiunguza. Muulize muuzaji kabla hujalipa. Halafu pima meza: duara la kawaida la seti hizi lina nusu kipenyo cha karibu sentimita 46, hivyo meza ya upana usiofika mita moja haitoshi.

Lalamiko langu kubwa ni reli. Zilizokuja na seti ni za chuma, na kwa unyevu huu wa ziwa zilianza kushika kutu, kichwa kikawa kinasitasita kila kikifika kwenye kona. Kuzifuta kwa kitambaa na spiriti kunasaidia kwa muda tu. Ukipata za nikeli-silva, mchanganyiko wa metali usioshika kutu, ongeza hela uzichukue.

Kuna jambo lingine ambalo mpenzi wa reli ataligundua. Upana wa reli ya HO ni milimita 16.5. Zidisha kwa 87 utaipata SGR ya milimita 1,435, kama ile inayojengwa kati ya Mwanza na Isaka. Mimi nilitaka reli ya zamani, ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, ambayo upana wake ni mita moja. Kwa kipimo hiki ingepaswa kuwa ya karibu milimita 12, lakini vifaa vyake ni adimu na bei inauma. Nimeamua kuishi na tofauti hiyo, na hadi leo hakuna mtoto aliyeinuka na rula.

Nimejenga gati la Mwanza Kusini, pale mabehewa yanapoingizwa ndani ya MV Umoja na mzigo wake ili yavushwe hadi Port Bell, Uganda. Mawe sikununua. Kokoto za ufukweni kwetu, ukizipandanisha vizuri, ni vilima vya Mwanza vyenyewe. Ziwa ni plaiwudi niliyoipaka rangi, juu yake tabaka za gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka inakuwa angavu na kung'aa. Magugu maji ni sponji ya kuoshea vyombo, nimeikwangua kwa wembe.

Watu ndio walionipa kazi. Kwenye kipimo hiki mtu mzima ana urefu wa kama milimita 20, na sanamu nilizopata zote zilivaa makoti ya baridi. Koti la mmoja nimeligeuza khanga: njano chini, pindo jekundu, na vidoti vyeusi vya njiti ya kuchokolea meno. Nimemkalisha juu ya magunia ya dagaa nikamwita Mama Kulwa. Behewa lililo mbele yake limeandikiwa pamba tu, karani wa mizigo amekataa kuyapokea magunia, na treni ya Tabora inaondoka jioni. Kila behewa lina kikadi chake kinachosema limetoka wapi, limebeba nini na linakwenda wapi. Kadi zikichanganywa, hadithi inabadilika.

Wamarekani wameupeleka mchezo huu mbali. John Allen wa Monterey, California, aliyefariki mwaka 1973, alikuwa akiyachafua makusudi majengo na mabehewa yake ili yaonekane yametumika na kuchoka. Hata dinosauri wa sanamu alimpa kazi ya kusukuma mabehewa, akamwita Emma. Ndiyo maana paa za maghala yangu, nilizozikata kwenye makopo ya soda, nimezipaka zote rangi ya kutu.

Jioni huwa naitoa barazani hapa Kirumba. Kuna mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli. Nilimwamkia, akaitikia macho yakiwa kwenye meli.

"Mwanangu, mbona mabehewa yote umeyajaza upande mmoja? Hiyo meli italala. Pakia moja huku, moja kule."

Tukayapanga upya. Kisha akataka kujua yule mama amekaa pale anangoja nini. Nilipomweleza, alikichukua kikadi cha pamba akakisoma, akasema karani yuko sahihi, dagaa watainukisha pamba yote. Mama atafutiwe behewa jingine. Watoto wakagawanyika. Wapo wanaotaka magunia yavuke kwenda Uganda, na binti mmoja anashikilia kwamba karani ni shemeji yake Mama Kulwa na wana ugomvi wa shamba. Nimeuandika ugomvi huo nyuma ya kadi.

Naipa nyota nne kati ya tano, ya tano imeliwa na kutu. Ukinunua, chukua na pakiti ya sanamu ambazo hazijapakwa rangi kabla hujafikiria kichwa cha pili. Mimi nasubiri zangu zifike, maana shemeji anahitaji mashahidi.