WinSCP: kuhamisha mafaili kati ya Linux na Windows bila kutembeza flashi

Maofisi mengi hapa Mombasa bado faili inatembezwa kwa flashi, mara imepitia saiba imebeba virusi, mara imesahauliwa kwenye matatu ya Feri na orodha nzima ya wateja imo ndani, na hilo la pili ndo linaniudhi zaidi manake yale ni mambo ya watu.

Kwetu seva (kompyuta kuu inayoweka mafaili) ni Ubuntu, yaani aina moja ya Linux, kaunta zote Windows, tunatumia programu ya WinSCP. Ni ya bure, kodi yake (maandishi ya programu yenyewe) iko wazi kwa kila mtu, ipo tangu 2000. Upande wa Linux unainstoli openssh-server tu basi, huku Windows unachagua SFTP (njia ya kuhamisha mafaili kwa usalama), poti 22 (namba ya mlango wa seva), jina na paswadi, inafunguka pande mbili, kushoto mashine yako kulia ile ya Linux, unavuta faili unaachia. Yote yanapita ndani ya SSH, yaani muunganisho uliofungwa kwa siri, kwa hivo hata kama waifai ni ya jengo zima hakuna wa kuyasoma njiani. FTP tupu, ile njia ya zamani isio na siri, msiiguse, hiyo paswadi inapita wazi wazi.

Mara ya kwanza itakuonyesha alama ya ufunguo wa seva (mfululizo wa herufi na namba wa kuitambua seva) na kukuuliza kama unaikubali. Watu wanabonyeza tu, jamani msifanye hivo! Mpigie simu alioko kwenye mashine ya Linux, aandike ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub akusomee, zikilingana herufi kwa herufi ndo ukubali.

Sasa kilichonifanya niipende hasa ni maandishi. Linux inamaliza mstari kwa LF peke yake, Windows inaweka CR na LF (alama zisizoonekana za mwisho wa mstari), ndo unakuta skripti (faili ya amri) ilioandikwa Windows ikifika kule inagoma na ukiitizama huoni kosa lolote. Ukichagua Text kwenye mipangilio ya kuhamisha, WinSCP inabadilisha yenyewe. Ila picha, zip na PDF zipeleke kwa Binary (faili inaenda kama ilivyo), Text itaziharibu.

Ubaya wake, ni ya Windows tu. Na ukihifadhi paswadi ndani yake bila kuweka paswadi kuu (moja inayofunga zote zilizohifadhiwa), mtu akiipata hiyo kompyuta anaweza kuisoma paswadi yako, kwa hivo hiyo kuu iwekeni, ama bora zaidi tengeneza ufunguo (faili inayokutambulisha kwa seva) kwa programu ya PuTTYgen uachane na paswadi kabisa. Nyota 4 kwa 5, hiyo moja nimeikata hapo.