Mawakala wa kupunguza deni, Kisumu na Nakuru: nyota mbili kati ya tano

Nyumba ikipigwa mnada na bei isifikie deni, salio linakufuata wewe. Hapo ndipo wakala anapojitokeza na ahadi ya kuongea na benki. Unachonunua hasa ni barua moja na simu za kufuatilia, kwa ada ya kufungua faili na asilimia ya kiasi atakachookoa. Hiyo asilimia ndiyo yenye walakini.

Chukua mkopo uliokuwa na deni la msingi la 2,400,000 siku ulipohesabiwa kuwa haulipiki. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki ya Kenya hakiruhusu riba ya kuanzia hapo kupita kiasi hichohicho. Kwa hiyo dari ni 4,800,000, pamoja na gharama za kufuatilia deni, tuseme 200,000. Ikiwa nyumba imeuzwa 3,500,000, salio haliwezi kuzidi 1,500,000. Benki ikidai 2,100,000, wakala atakuja na "punguzo" la 600,000 na kukata asilimia 10 yake: shilingi 60,000 kwa deni ambalo hata halikuwapo kisheria!

Wakala anayejua kazi huomba karatasi kwanza: taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza, ripoti ya mthamini iliyofanywa kabla ya mnada, bei ya nyundo (bei ya mwisho iliyokubaliwa mnadani), na risiti za dalali na wakili. Wengi hawaigusi ripoti ya mthamini, na ndiyo silaha kubwa. Kifungu cha 97 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinaidai benki itafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Nyumba ya 5,000,000 ikiuzwa 3,500,000 imeshuka kwa asilimia 30, na ikishuka kwa robo au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo mpaka ijitetee. Kwa kawaida nyumba hairudi, lakini fidia inaweza kulimeza salio.

Jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vyao: kwa mtu asiyebaki na mali ya kuuzwa, mwenye madeni ya kati ya 100,000 na 4,000,000, Sheria ya Ufilisi ya 2015 ina utaratibu wa kufutiwa deni baada ya miezi 12. Unapatikana mara moja tu maishani. Asilimia ya wakala haipo humo, ndiyo maana kimya.

Nyota mbili ni za wateja ambao hesabu yao imeshakuwa sahihi na wana pesa za kulipa kwa mkupuo; hapo ustahimilivu wa wakala kwenye simu una thamani. Usitoe senti kabla ya barua ya benki inayosema malipo ni kamili na ya mwisho, inayotaja namba ya mkopo, kuwaachilia wadhamini, na kurekebisha taarifa za CRB, yaani ofisi zinazotunza rekodi za wakopaji (rekodi mbaya hubaki miaka 5 baada ya kulipa). Pesa zipelekwe kwenye akaunti ya mkopo yenyewe, si kwenye simu ya wakala.