TAHADHARI: Safari za bei chee za "korongo la Natron na Lengai" zinazouzwa Arusha na Moshi

Wadau wa Arusha na Moshi, kuna tangazo linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Instagram kila wikiendi ndefu inapokaribia. Siku mbili Ziwa Natron, kutembea ndani ya korongo la Ngare Sero hadi kwenye maporomoko, usiku kupanda Mlima Oldoinyo Lengai, chakula, malazi, viingilio vyote "pamoja na mwongozaji mzawa", shilingi 95,000 kwa kichwa. Akaunti inabadilishwa jina na namba ya simu inabadilishwa, ila maneno na picha ni vilevile. Usitume hela kabla hujasoma haya.

Picha kwanza, maana ndiyo inayowanasa wengi. Zile kuta za rangi ya chungwa zilizojikunja kama pazia, na mwale wa jua unaoshuka katikati, si Natron kabisa. Ni Antelope Canyon, jimbo la Arizona, Marekani, katika ardhi ya Wanavajo (wenyeji asilia wa huko), na hata huko huruhusiwi kuingia bila mwongozaji aliyeidhinishwa. Korongo la Ngare Sero ni mwamba wa volkano, mto unapita katikati, na majani mabichi yananing'inia ukutani kule juu kwenye maporomoko. Anayepeleka watu kule mara kwa mara hakosi picha zake mwenyewe. Mwombe video ya mwezi huu, inayoonyesha watu wakiwa ndani ya maji. Akianza kukuzungusha, umeshapata jibu.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu bei yenyewe inamsaliti muuzaji. Arusha hadi Makuyuni ni karibu kilomita 80. Makuyuni hadi Mto wa Mbu, kama 35 nyingine. Kutoka hapo kupitia Engaruka hadi kijiji cha Ngaresero ni zaidi ya kilomita 100, na kwenye njia hiyo kuna vumbi, mawe na makorongo ya msimu ambayo mvua ikinyesha hayapitiki kwa Noah ya kawaida. Kwenda na kurudi, ukiongeza mizunguko ya kwenda chini ya mlima na kwenye maporomoko, Land Cruiser itakunywa lita 75 hadi 85 za dizeli. Kadiria shilingi 3,000 kwa lita (bei kamili EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi): lita 80 ni shilingi 240,000. Abiria saba wakilipa 95,000 kila mmoja, jumla ni 665,000. Toa mafuta, inabaki 425,000. Humo humo atoe kodi ya gari imara kwa siku mbili, posho ya dereva, milo ya watu saba, kambi, ushuru wa halmashauri, tozo ya kijiji, mwongozaji wa korongo na waongozaji wa mlima. Haiwezekani, na yeye anajua haiwezekani. Kinachopungua mtakilipa ninyi mkiwa njiani, wakati ambao hamwezi tena kugeuka.

Utaratibu wake ni huu. Anataka nusu ya malipo itumwe kwenye namba ya mtu binafsi, "nafasi zimebaki mbili". Asubuhi ya safari, iwe mmepangiwa Mnara wa Saa Arusha au stendi ya Moshi, mwenyewe haonekani. Mnakabidhiwa kwa dereva ambaye hajui mmelipia nini. Mto wa Mbu mnaambiwa viingilio vimepanda, mchange taslimu. Getini dereva anaandikisha watu wachache kuliko waliomo, au anaonyesha risiti ya kundi jingine ya tarehe iliyopita. Mkikaguliwa mbele ya safari, anayebanwa ni abiria asiye na risiti. Mkifika Ngaresero, "mwongozaji mzawa" mliyeahidiwa anageuka kijana yeyote aliyeokotwa barabarani kwa shilingi elfu kumi, na kwa kuwa mmechelewa kutoka Arusha, mnaingizwa korongoni saa kumi jioni. Wakati wa kurudi, mafuta yameisha.

Hela inauma, lakini hilo la saa kumi jioni ndilo linaloweza kuua.

Korongo ni njia ya maji. Kwenda kwenye maporomoko ya Ngare Sero mnatembea mtoni na pembeni mwa mto kwa muda wa saa moja hivi, mkivuka ng'ambo hii na ile, maji yakifika magotini au mapajani kulingana na msimu, juu ya mawe yanayoteleza. Sehemu nyembamba hazina pa kupandia. Mvua ikinyesha juu kwenye nyanda za Ngorongoro, maji yanateremka kwenu huku kichwani mwenu jua linawaka. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa hukohuko Antelope Canyon kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali nao. Tukirudi karibu na nyumbani, korongo la Hell's Gate, Naivasha nchini Kenya, liliua vijana saba wa kanisa Aprili 2012, na Septemba 2019 likachukua tena watu saba, mwongozaji wao akiwa mmojawapo. Kwa hiyo hata mwongozaji halisi anaweza kuzidiwa. Huyu wa kuokotwa je?

Mwongozaji wa kweli anawaingiza asubuhi, mawingu ya mchana hayajakusanyika. Kabla ya kuingia anauliza wenyeji wa juu kama usiku kulinyesha. Akiwa ndani anaangalia rangi ya maji: yakianza kugeuka ya udongo, yakibeba vijiti na majani, au mlio wa mto ukibadilika, hasubiri mjadala, anawapandisha sehemu ya juu iliyo karibu. Anatembea na kamba kwa ajili ya kuvuka, na anamshika mkono asiyejiamini. Kandambili anazikataa, anataka kiatu chenye kamba au sandali zenye mkanda wa nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuongea kwa simu na mwongozaji mwenyewe, siyo muuzaji. Muulize maji yanafika wapi wiki hii, mnaingia saa ngapi, na nani mwenye kauli ya mwisho ya kugeuza kundi. Kuhusu Lengai, muulize mnaondoka saa ngapi kambini. Mlima una mita 2,962 na chini mnaanzia kama mita 800, hivyo ni zaidi ya mita 2,000 za kupanda kwa usiku mmoja. Anayeujua atakwambia mnaanza kati ya saa tano na saa sita usiku, mfike juu kunapambazuka na mshuke kabla joto halijawapiga. Atataja tochi ya kichwani, kofia ngumu kwa ajili ya mawe yanayoporomoka, glavu, na lita tatu za maji kwa kila mtu. Atakwambia pia kwamba mlima huu bado uko hai. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulikuwa wa 2007 hadi 2008. Anayesema "tunaanza asubuhi baada ya chai" hajawahi kuupanda. Uliza pia waongozaji ni wangapi. Mmoja kwa watu kumi na wawili ni balaa: mtu mmoja akishindwa katikati ya usiku, ama kundi zima ligeuke naye, ama ateremke peke yake gizani.

Vijana wa Ngaresero wenyewe, wale wa utalii wa kitamaduni pale kijijini, wanalifahamu korongo hilo vizuri kuliko sisi sote, na wengi wao wananyonywa na muuzaji huyuhuyu: anawaahidi malipo baada ya safari, kisha simu haipokelewi. Wala si kila flaikacha (dalali wa safari wa mitaani) wa mjini ni mwizi. Wengi wanakula kamisheni tu na kampuni wanayokupeleka ipo. Ila kamisheni hiyo iko ndani ya bei yako, ni vizuri ujue.

Kukagua kampuni hakuchukui hata nusu saa. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mfanyabiashara wa safari awe na leseni ya utalii, ile tunayoita TALA. Omba picha ya leseni ya mwaka huu, linganisha jina lake na lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara), kisha piga simu au pita ofisi ya Bodi ya Utalii hapa Arusha uulize kama wanamtambua. Jina la leseni, jina la BRELA na jina linalotokea kwenye simu unapolipa kwa Lipa Namba yawe moja. Likitokea jina la mtu binafsi, "huyo ni mhasibu wetu", sitisha muamala kabla hujaweka namba ya siri. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi) na uihakiki kwenye tovuti ya TRA. Malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number) inayoanzia na 99. Omba nakala yenye idadi ya watu na tarehe ya safari yenu. Beba kitambulisho cha NIDA, la sivyo utajikuta ukibishana getini kuhusu kiwango cha mgeni.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa meseji tu: aina ya gari na namba yake, nini kimelipiwa na nini hakijalipiwa, jina la mwongozaji, na nini kinatokea korongo likifungwa kwa mvua. Machi hadi Mei hilo la mwisho si la kubahatisha. Malipo ya awali yasizidi theluthi, na salio litoke mkiwa mmeliona gari.

Kama umeshatuma hela, piga 100 ya mtandao wako dakika hiyohiyo uombe muamala uzuiwe, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala hairudi. Meseji ya utapeli itume 15040. Usifute mazungumzo, piga picha za skrini zikiwa na namba na tarehe, nenda polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako). Arusha kipo Kituo cha Polisi cha Utalii na Diplomasia, na raia wa kawaida wanasikilizwa pale, si wageni tu. Mliolipia safari moja nendeni pamoja, kila mtu na meseji yake ya muamala.