Uchovu wa joto kwenye mabomba ya nyuklia: vipimajoto au ultrasaundi?

Uchovu wa joto ni chuma kuchoka na hatimaye kupasuka kwa kupashwa na kupozwa tena na tena. Vipimajoto vya kuufuatilia hufungwa nje ya bomba na kukaa hapo mwaka mzima, mtambo ukiwa kazini. Ultrasaundi husubiri kinu kizimwe: fundi anavua kihami joto, anapaka jeli, anapitisha kichwa cha kifaa taratibu juu ya maungio na kusoma mwangwi unaorudi. Kimoja kinaonyesha chanzo, kingine jeraha lenyewe.

Vipimajoto vina faida kubwa pale maji baridi yanapopenya polepole kwenye vali iliyofungwa, kama ilivyotokea kwenye mtambo wa nyuklia wa Farley, Marekani, mwaka 1987. Joto hupanda na kushuka kwa mwendo ambao ukuta wa nje unaufuata, hivyo kasoro huonekana kabla chuma hakijapasuka.

Lakini tazama mtambo wa nyuklia wa Civaux, Ufaransa. Mei 1998, maji moto na baridi yaliyokutana kwenye tii (maungio ya mabomba yenye umbo la T) yalipasua kona ya chuma cha pua. Ufa ulifika sentimita 18 na maji yakamwagika takriban mita za ujazo 30 kwa saa. Mtambo ulikuwa mpya kabisa! Mabadiliko ya haraka ya namna hiyo huumiza ngozi ya ndani, huku unene wa ukuta ukiyameza, na kipimajoto cha nje husoma utulivu wa uongo.

Kwa tii za kuchanganyia, mimi nachagua ultrasaundi bila kusita, tena mapema, si baada ya miaka kumi. Kwa mabomba yaliyo nyuma ya vali, funga vipimajoto.