Laurel na Hardy wa miaka ya mwisho: kasha nililonunua

Nilinunua kasha la DVD la filamu za Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wawili wa zamani, walizofanyia studio ya Fox kati ya 1941 na 1945, huku nikijua zinasemwa vibaya. Mimi ni mtu wa zile za kabla ya hapo, walizofanya kwa mtayarishaji Hal Roach. Ile fupi ya 1932 ya kupandisha piano ngazini mpaka leo inanitoa machozi. Nikajiambia hawa hata wakichoka watachekesha tu. Wapi!

Kwa Roach, Stan Laurel ndiye aliyekuwa jikoni. Anatunga vichekesho, anakaa na mhariri, anajua Ollie, yaani Hardy, aachiwe muda gani kuitumbulia macho kamera. Fox wakamfanya mwigizaji wa kuajiriwa: shika maneno, yaseme, nenda nyumbani. Na inaonekana. Ollie anaanguka, picha inakatwa kabla hajatugeuzia ule uso wake wa kukata tamaa, na kicheko kinakufia kooni. Nafasi yote wanapewa wapenzi wawili vijana ambao wala siwahitaji.

The Big Noise ya 1944 ndiyo iliyonichosha zaidi. Wanarudia kichekesho cha kubanana kwenye kitanda cha treni, walichokifanya tangu 1929, ila sasa kinajikokota. Mlo wa vidonge vitupu mezani ulinichekesha, nisiwe mchoyo.

Jitterbugs ya 1943 ni habari nyingine kabisa. Ollie anajifanya kanali wa Kusini mwa Marekani, anabembeleza mwanamke kwa madaha, sauti imelainika kama samli. Stan naye anavalishwa gauni awe shangazi mtu. Hiyo nimeirudia mara mbili. Ukiipata peke yake, chukua, kasha zima liache dukani.

Atoll K ya 1951 niliinunua kando, kwa bei ya chee, na nakala yenyewe ina ukungu. Waigizaji wengine walisema Kifaransa na Kiitaliano, wakabandikwa sauti za Kiingereza, basi midomo huku, maneno kule. Mwanzoni kuna tukio zuri: mafungu ya noti za mirathi ya Stan yapo mezani, kila kodi ikitajwa yanapungua. Lakini Stan aliugua sana wakati wa kuipiga huko Ufaransa. Mashavu yamebonyea, koti linamning'inia kama limeazimwa. Sikuweza kumcheka. Nikaizima, nikaenda kutafuta ile ya piano.